Pini ya winchi imewekwa ikatike: barua ya wazi kwa wenye gereji, wauza spea na mameneja wa magari ya safari, Arusha

Ndugu zangu wenye gereji, wauza spea na mameneja wa usafiri,



Nimeendesha magari ya safari kwa miaka 22, na siku hizi nashinda zaidi gereji kuliko porini. Wengi wenu mnanifahamu. Wapo kati yenu walionilipa mshahara, na wapo walionikopesha spea siku ambayo sikuwa na kitu mfukoni. Kwa hiyo siandiki kwa chuki na mtu. Naandika hadharani kwa sababu kwa mdomo nimesema mpaka nimechoka. Kila mara naambiwa "tutaliangalia", kisha masika yanaingia, na magari yanapanda Ngorongoro yakiwa na pini zilezile.

Nazungumzia pini ya winchi, kile kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, kinachopita katikati ya kichwa cha propela na shafti ya winchi kwenye Land Cruiser zenye winchi ya mbele inayozungushwa na injini. Winchi za umeme siziongelei leo. Zina namna yake ya kuzidiwa na namna yake ya kujikinga. Hii ya injini ni mnyama mwingine. Injini ya 1HZ, lita 4.2 za dizeli, haina habari kwamba waya umechoka au kwamba gari limenasa kwenye kisiki. Ukiwa gia ya kwanza, nguvu yake imeshazidishwa mara nne na zaidi kabla ya kutoka giaboksi, halafu gia za winchi zenyewe zinazidisha tena. Katika safari yote hiyo ya nguvu, kuanzia injini hadi ndoano, kitu pekee kilichotengenezwa ili kiseme "imetosha" ni ile pini.

Niwaeleze kilichonifanya nisilale juu ya jambo hili. Ilikuwa Aprili, upande wa Ndutu. Mnaoujua udongo mweusi wa kule hamhitaji maelezo: ukinyeshewa unanata kwenye tairi mpaka meno ya tairi hayaonekani, na gari linakalia tumbo. Land Cruiser ya kampuni moja, siitaji, ilikuwa imezama mpaka kwenye ekseli ikiwa na wageni. Nilipofika, wageni walikuwa wameshashushwa, waya umevutwa na kufungwa kwenye mgunga mkubwa. Dereva alikuwa kijana makini. Pembeni ya bampa alisimama kijana mwingine aliyekuwa kwenye mafunzo, akiangalia waya usijipange vibaya kwenye ngoma. Nilimpigia kelele asogee. Sijui kama alinisikia. Gari lilinyanyuka pua kidogo, likatulia, waya ukaanza kutoa ule mlio mwembamba ambao dereva yeyote mzee anaujua, kisha ukakatika karibu na ndoano. Sehemu ndefu ilirudi kwenye gari. Ilipasua taa, ikampata yule kijana kwenye muundi. Mfupa ulivunjika mahali pawili.

Tulimpeleka Karatu, na gari tukalitoa siku ya pili kwa msaada wa trekta. Jioni ile niliingia chini ya bampa na panchi na nyundo nikaigonga pini. Iliteleza ikatoka nzima. Nikaifuta matope kwenye suruali nikaisogeza kwenye tochi. Ilikuwa bolti iliyokatwa mkia kwa msumeno, na kichwani imechongwa tarakimu 10.9. Nikaigeuza nikitafuta mahali ilipobonyea. Palikuwa na mistari miwili myembamba, kama mkwaruzo wa ukucha, pale pawili ambapo ingepaswa kukatika. Waya umekatika, mguu wa mtoto wa watu umevunjika, na bolti ilikuwa tayari kufanya kazi tena kesho yake.

Bolti ile iliwekwa na fundi, iliuzwa na duka, na gari lilisainiwa na meneja kwamba liko tayari kwa safari. Ndiyo maana barua hii nawaandikia nyote watatu kwa pamoja. Malalamiko yangu ni haya.

1. Pini inachaguliwa kwa kuulizwa itadumu muda gani, wakati swali lake ni itakatika lini. Hapa ndipo kosa lote lilipo, kwa hiyo mniruhusu nikae kidogo.

Pini nzuri huchaguliwa kuanzia kwenye waya. Waya wa chuma wa milimita 8, ukiwa mpya, hukatika kwenye karibu tani 4. Ukiwa na miaka mitano ya tope, kutu na mikunjo, unakatika mapema zaidi, na hakuna anayejua mapema kiasi gani. Tuseme basi tunataka pini ikatike waya unapofika tani 2.5. Tuseme pia kwamba kwa winchi yetu, pini inayofanya hivyo ni ya milimita 6 ya chuma laini cha kawaida. Chuma hicho huvumilia kuvutwa kwa kiasi cha Nyutoni 400 kwa kila milimita mraba. Kikikatwa kwa upande, kama mkasi unavyokata, huvumilia kama asilimia 60 ya hapo, yaani 240. Pini ya milimita 6 ina eneo la milimita mraba 28. Zidisha, utapata Nyutoni 6,800 hivi, ambazo ni karibu kilo 690, kwa kila mahali inapokatika. Na inakatika pawili, kwa sababu kichwa cha propela kinaishika kutoka pande zote mbili za shafti.

Sasa toa hiyo, weka bolti ya unene uleule iliyoandikwa 8.8. Namba iliyo kabla ya nukta ikizidishwa kwa 100 ndiyo nguvu ya chuma chake: 800. Hapo umeshaongeza mara mbili. Weka 10.9: chuma chake ni 1,000, umeongeza mara mbili na nusu. Pini iliyokuwa ikatike waya ukiwa na tani 2.5 sasa inasubiri tani 6 na zaidi. Waya wenyewe hauna tani 6. Kwa hiyo pini haitakatika kamwe, na kazi yake itafanywa na kitu kingine: waya, au jino la gia, au kava la giaboksi ya winchi ambalo mnajua wenyewe linavyopatikana kwa taabu.

Na wapo wanaofanya vibaya zaidi ya hapo. Tundu likishalegea, wanalitoboa kutoka milimita 6 hadi 8 ili wapate "pini inayobana". Milimita mbili machoni si kitu. Lakini eneo linakwenda kwa kipenyo kuzidishwa na kipenyo, kwa hiyo pini ya 8 ina nguvu ya pini ya 6 karibu mara 1.8, hata kwa chuma kilekile. Ongeza na chuma cha 10.9, umefika mara nne na zaidi. Gari la namna hiyo lina tundu la pini na lina kitu ndani ya tundu, na halina kinga yoyote.

2. Madereva wanalipishwa pini. Hili nalisema kwa mameneja, na nalisema kwa uchungu. Kampuni niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na utaratibu kwamba dereva akirudi na pini iliyokatika anaandika maelezo, na zikizidi mbili kwa safari, bei yake inakatwa kwenye posho. Pini yenyewe bei yake haifiki hata soda chache. Lakini ule woga wa kuandika maelezo ndio unaomsukuma dereva kwenda kwa fundi kwa siri na kumwambia, "niwekee kitu kigumu, kisinisumbue." Fundi anafurahi kumsaidia, meneja anafurahi kwamba dereva wake sasa "hakati pini". Ripoti inakuwa nzuri. Nimeona daftari la gari lililosifiwa hivyo, na nilipofungua winchi yake nikakuta kipande cha shina la bisibisi.

Pini iliyokatika ni risiti. Inakuonyesha kwamba siku fulani, mahali fulani, waya ulifika pale ambapo usingepaswa kuvuka. Msomeni dereva kwa risiti hiyo, mkae naye mjue alikuwa anavuta nini na kwa namna gani. Msimkate posho.

3. Tunazilaumu pini kuwa dhaifu kwa kosa la namna ya kuvuta. Pini haihesabu tani za waya moja kwa moja. Inahisi msokoto wa shafti. Waya ukiwa umebaki safu moja tu juu ya ngoma, unavuta ukiwa karibu na kitovu, na kwa msokoto uleule unapata nguvu kubwa kuliko mahali pengine popote. Kadiri safu zinavyopandana, ngoma inanenepa na nguvu ya kuvuta inashuka. Chukua ngoma yenye kipenyo cha milimita 64 na waya wa 8. Ukiwa kwenye safu ya nne unapata kama asilimia 60 tu ya ulichopata kwenye safu ya kwanza. Pini iliyokuwa ikuvushe hadi tani 2.5 itakatika kwenye tani 1.5.

Sasa angalieni dereva anavyofanya. Gari lililokwama liko mita sita kutoka kwenye mti. Anatoa mita sita za waya, nyingine zote zimebaki zimejaa kwenye ngoma, anavuta, pini inakatika. Anaweka nyingine, inakatika. Anakuja mjini kusema pini za duka fulani ni mbovu. Angetafuta mti wa mbali zaidi, akatoa waya mrefu na kubakiza mizunguko mitano tu kwenye ngoma, angetoka na pini ileile. Au angetumia kapi: waya unakwenda hadi kwenye mti, unapita kwenye kapi, unarudi kufungwa kwenye gari lenyewe. Mwendo unakuwa nusu, nguvu inakuwa karibu mara mbili, na pini haijui hata kama kuna kazi ngumu inafanyika. Wavuvi na manahodha wa pwani wamejua siri ya kapi kabla babu zetu hawajaona gari. Kwenye magari mengi niliyokagua Arusha, kapi haimo. Palipokuwa pa kapi pamewekwa friji ya vinywaji.

Hapo hapo niongeze klachi. Dereva anayeachia klachi kwa kishindo huku waya umelegea anaipiga pini nyundo. Haihitaji tani 2.5 kukatika kwa namna hiyo. Kaza waya taratibu kwanza, kisha vuta.

4. Misumari, vyuma vya kuchomelea, na bolti zilizoingizwa mpaka kwenye nyuzi. Haya sina mengi ya kusema. Msumari wa inchi sita umetengenezwa kwa waya uliovutwa baridi, na ugumu wake unatofautiana boksi kwa boksi. Bolti ikikatikia kwenye nyuzi, eneo lake linapungua karibu theluthi moja, na zile nyuzi zinakula tundu mpaka linakuwa na umbo la yai. Kitu ambacho hujui kitakatika lini hakifai, hata kikiwa laini.

5. Shafti zimeganda. Hili hata mafundi wazuri hawaliangalii. Pini ikikatika, kichwa cha propela kinatakiwa kizunguke bure juu ya shafti ya winchi, vinginevyo kukatika kwake hakuna maana. Mvua mbili tatu bila grisi, kutu inavishika viwili hivi kama vimechomelewa. Mwaka jana nilitoa pini kwenye magari matatu nikajaribu kuzungusha kichwa kwa mkono. Kwenye mawili hakikusogea. Ilibidi moto na nyundo. Yale mawili yalikuwa na pini sahihi kabisa, ya chuma laini, kipimo chake, na hazikuwa zinalinda kitu. Dereva wa moja alijisifu kwangu kwamba hajabadili pini miaka miwili.

Sasa maombi yangu, kwa kila mmoja wenu.

Wauza spea: acheni kuuza "pini ya winchi" kwa kuipima kwa macho kutoka kwenye kopo la bolti. Uzeni pini ikiwa kwenye kifuko kilichoandikwa kipenyo, urefu, aina ya chuma na gari inalolifaa. Mteja akija na bolti ya 10.9 anataka yenye unene huohuo, muulizeni ni ya nini. Akisema ya winchi, msimuuzie. Najua biashara ni ngumu na anaweza kuvuka barabara akanunua kwa jirani, ndiyo maana nawaomba mkubaliane wote. Nyinyi mnafahamiana, na chama cha kukopeshana mnacho.

Wenye gereji: pini mnazokereza wenyewe zikerezwe kutoka kwenye nondo laini ya duara, si kutoka kwenye mkia wa bolti. Kama hamjui chuma mlichonacho, kipo kipimo cha bure. Ibaneni kwenye jiriwa, muipige nyundo. Chuma laini kitakunjika kona bila kupasuka, na tupa itakila kirahisi. Kikiwa kigumu kukunjika au kikisumbua tupa, kisiingie kwenye winchi. Tundu lililotanuka lisitobolewe kubwa zaidi, livalishwe kibushi kigumu lirudi kwenye kipimo cha mwanzo, ili pini ikatike safi badala ya kukunjwa na kukwama. Kila gari likija kwa ajili ya kumwaga oili, pini itolewe, kichwa kizungushwe kwa mkono, grisi iwekwe, na iandikwe kwenye karatasi ya kazi kwamba imefanyika, pamoja na jina la aliyefanya. Dakika 20. Na jina liandikwe, kwa sababu yule aliyeweka bolti ya Ndutu mpaka leo hajulikani.

Mameneja: kwenu naomba zaidi, kwa kuwa nyinyi ndio mnaolipa na mnaoogopwa. Kila gari lenye winchi ya injini litoke na pini tano za akiba, panchi ya unene wake na nyundo ndogo, vyote ndani ya kopo moja lililofungwa chini ya kiti cha dereva. Kapi moja, mkanda mpana wa kuzungushia mti usichunwe ganda, glavu za ngozi, na turubai zito la kutandika juu ya waya ili ukikatika usiruke. Futeni makato ya pini. Na kabla ya masika, fanyeni jaribio mara moja kwa kila aina ya winchi mliyonayo. Fungeni mizani ya kuning'iniza ya tani 5 kati ya waya na nguzo imara, waya ukiwa safu ya kwanza kwenye ngoma, watu wote mbali kuliko urefu wa waya uliovutwa, vuteni pole pole mpaka pini ikatike, na mtu asome mizani kwa darubini. Namba hiyo iandikwe kwa rangi ndani ya boneti. Dereva anayejua kwamba winchi yake inakata pini kwenye tani 2.3 anavuta kwa akili tofauti kabisa na dereva anayebahatisha.

Mtaniuliza gharama. Kopo zima nililolitaja halifiki bei ya usiku mmoja wa mgeni mmoja kwenye lodji. Kwa upande wa pili weka gari lililolala Ndutu, wageni waliokosa ndege, giaboksi ya winchi iliyopasuka, au wazazi wa kijana wanaokuja ofisini kwenu kutoka Mbulu wakiuliza mtoto wao aliumiaje. Mimi nilikuwepo walipokuja. Baba yake alishika ile bolti mkononi, akaitazama muda mrefu, akaniuliza kitu kidogo kama hiki kimefanya nini. Nikamjibu kwamba hakikufanya kitu, na ndiyo sababu yeye yuko pale. Sikufurahia kumpa jibu hilo. Yule kijana alipona, anatembea, lakini hajarudi kwenye magari.

Ninayo mizani ya tani 5 na nondo laini ya milimita 6 ya kutosha kutengeneza pini mia moja. Jumamosi ya kwanza ya Februari, kuanzia saa tatu asubuhi, nitakuwa uwanjani kwangu nyuma ya gereji, na nguzo ya kufungia ipo. Leteni gari moja kila kampuni, na fundi wake. Wauza spea njooni na makopo yenu ya pini tuyapime pamoja, mbele ya wote. Sitatoza mtu shilingi. Ile bolti ya 10.9 itakuwa mezani, kwa anayetaka kuiona.

Wenu katika kazi,
Dereva wa zamani wa safari, sasa fundi, Arusha